Goti la Apolinaria: Maisha ya Hilari Lugembe, Dresa wa Kigwa, 1906–1957

Yamesomwa na mdogo wake Anselm, nyumbani kwa marehemu, Jumatano ya Majivu, tarehe 6 Machi 1957

Ndugu waombolezaji, mfikirieni Hilari akija nyumbani kwenu. Anatokea upande wa reli, kofia mkononi, kaptula ya kaki imepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi. Hajafika mlangoni, anasimama. Hapigi hodi kwanza. Anakutazama wewe unayetoka kumpokea: unatanguliza mguu upi, unakanyaga kwa kisigino au kwa vidole, goti linakunjuka lote au linabaki limekunjika kidogo. Ndipo anapiga hodi, mnasalimiana, anakaa, na maji ya kunywa hayajaletwa anakuuliza, "Na huo mguu wa kushoto, tangu lini?" Ndivyo alivyoingia katika kila nyumba ya hapa kwa miaka ishirini na saba.

Jana hakuja hivyo. Alishuka katika garimoshi la jioni ndani ya sanduku la mninga, tukampokea watu wanane, na tangu hapo tumekaa. Chai imemiminwa, imepoa, imemwagwa, imemiminwa nyingine. Wengi mmeniuliza ninajisikiaje. Mguu ukiukalia muda mrefu, ukiufinya husikii. Ndivyo tulivyo hapa nyumbani. Basi niacheni nisome, maana kusoma ninaweza.

Lakini kuna neno ambalo kila aliyemo humu uani amelisikia, nami sitajifanya halipo. Asubuhi hii kanisani sote tulipiga magoti kupakwa majivu, na mjane Apolinaria akapakwa amesimama. Tulipotoka, dada yetu mkubwa, Leonia, alisema mbele ya wazee: "Katika ukoo wa Lugembe mjane hupiga magoti kaburini kabla udongo wa kwanza haujaanguka. Huyu asipopiga leo, kesho arudi kwao Isikizya." Wazee hawakujibu. Nanyi mnawajua wazee wetu, wasipojibu wamekubali. Marehemu alijua kwamba neno hilo litakuja, ndiyo sababu aliagiza maisha yake yasomwe kabla ya kwenda kaburini, si baada ya kurudi. Sikilizeni taratibu, nami nitasoma taratibu.

Hilari alizaliwa hapa Kigwa tarehe 14 Januari 1906, wakati wa kupalilia, mtoto wa pili wa mzee Lugembe na mama yetu Kalunde. Wa kwanza ni Leonia, wa mwisho ni mimi. Baba alikuwa mpagazi. Mara nne alikwenda pwani na kurudi, frasila mbili begani, na njia ile aliijua kwa visima vyake kama wengine wanavyojua rozari. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilimchukua tena kubeba, akarudi mwaka 1917 goti la kulia limevimba kama kibuyu. Hilari alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyekuwa akilikanda kwa maji ya moto kila jioni, na baba akimwambia, "Polepole, mwanangu. Goti lina masikio." Baba alifariki mwaka 1922. Mpaka siku ile hakuna aliyemwambia baba kilichokuwa ndani ya goti lile.

Alianza shule ya misheni mwaka 1918 akakaa miaka mitano. Alijua kusoma na kuandika vizuri. Hesabu zilimpita kando. Siku za sikukuu wenzake waligombania nyama, yeye aliomba goti la mbuzi. Alilipasua kwa kisu kidogo, akakuta kati ya mfupa wa paja na mfupa wa ugoko vipande viwili vyeupe, laini, vyenye umbo la mwezi mwandamo. Akaja navyo mbio kwa mama.

"Mayu, tazama! Mbuzi ana mito ndani ya goti!"

"Mito ya nini? Mbuzi analala?"

"Mfupa ndio unaolala, mayu. Umelalia hii."

"Basi wewe utalala bila kula. Nyama imekwisha."

Mwaka 1924 alipata kazi ya kufagia katika hospitali mjini Tabora. Alifagia karibu na vitanda kuliko alivyotakiwa, akisikiliza, mpaka Bwana Daktari mmoja akamwambia aache ufagio ashike bandeji. Mwaka 1927 alihitimu udresa, kazi ya kufunga vidonda na kutoa dawa. Mwezi Juni 1930 aliletwa katika dispensari ya hapa Kigwa, na hapa alikaa mpaka mwaka huu. Alitibu kila kitu: malaria, vidonda, macho. Lakini miguu ndiyo iliyomfuata kutoka mbali, maana hii ni nchi ya kubeba. Zamani zilikuwa pembe, sasa ni magunia ya karanga na nta. Bega limebadilishiwa mzigo tu, goti ni lile lile.

Nitawaeleza alivyofanya kazi, kwa sababu bila hilo hamtayaelewa yatakayofuata. Alisema goti halivunjwi na uzito, linavunjwa na kugeuka. Kuli akibeba gunia akaenda sawasawa atazeeka na magoti yake. Akiitwa jina akageuza kiwiliwili, na mguu umeshikwa na ardhi, hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kwa hiyo hakuanza na kushika. Alianza na kuuliza: ulikuwa unafanya nini? Mguu ulikuwa wapi? Kitu kililia ndani? Uliweza kuendelea kutembea? Kisha swali lake kubwa: ulivimba lini? Goti lililovimba saa ile ile, alisema, limejaa damu. Kamba ya ndani imekatika. Lililovimba kesho yake lina maji, na mara nyingi ni ile mito ya mwezi mwandamo iliyochanika. Baada ya maswali alishika mguu mzima kwanza. "Mguu mzima ndio shahidi," alisema. "Bila yeye utaamini chochote." Aliukunja, akaukunjua, akamlaza mgonjwa chali goti limekunjwa, akaukalia unyayo kidogo na kuuvuta ugoko mbele aone kama unateleza. Mwisho ndipo alipogusa mguu unaouma, naye hakuutazama tena. Aliutazama uso wa mgonjwa.

Mabruki yupo hapa, mtani wetu Mzaramo, aliyekuwa mshika bendera wa stesheni. Mwaka 1932 alikimbia kulifuata garimoshi lililokuwa linaondoka na kikapu chake cha chakula. Alikuwa amekaa asubuhi nzima, mwili umepoa, akachomoka kama swala, na hatua ya sita akajishika nyuma ya paja kama aliyepigwa jiwe. Tulimleta dispensari juu ya kitoroli.

Hilari akamlaza kifudifudi. "Kunja goti, kisigino kije kwenye makalio. Mimi nakuzuia."

"Mnyamwezi wewe, niache! Babu zako walibeba mizigo ya babu zangu, leo unataka kunimaliza mimi?"

"Babu zako walikuwa wanakaa kivulini, ndiyo sababu mjukuu akikimbia hatua sita anachanika. Kunja!"

"Aaa! Mama yangu!"

"Hapo. Ni nyama ya nyuma ya paja, katikati. Shimo halipo, haijakatika yote. Wiki ya kwanza kulala, ya pili kutembea, ya tatu kunyoosha polepole. Kukimbia, usubiri nikuambie."

"Na kikapu changu?"

"Kimefika Tabora. Kimekutangulia."

Tangu jana Mabruki amekaa pale ukutani. Desturi inampa ruhusa ya kutusumbua msibani, kulala mbele ya jeneza, kututoza kuku. Hajasema neno.

Jumamosi tarehe 9 Mei 1931 Hilari alifunga ndoa na Apolinaria, binti wa Isikizya, aliyekuwa amesoma kwa masista mpaka kuandika barua. Walijaliwa watoto watatu: Raymundi mwaka 1932, Josepha mwaka 1936, na Ambrosi mwaka 1940. Hayo ndiyo yaliyo katika kitabu cha kanisa. Sasa nasoma yale aliyoniamuru niyaandike kwa maneno yake, nami nikayaandika kando ya kitanda chake.

Mwezi Machi 1934, mtama ukiwa unaiva, Apolinaria alikuwa anarudi kutoka kisimani na mtungi kichwani. Mguu wa kulia ukazama topeni ukabaki. Mwili ukageuka, mguu haukugeuka. Alisikia kitu kimesema "ta" ndani ya goti. Mtungi haukuanguka. Alifika nyumbani, akapika, akalala. Asubuhi goti lilikuwa limevimba. Nyinyi mnaosikiliza mmeshajua ni nini. Nimewaeleza sasa hivi. Hilari angejua kabla hajafika mlangoni. Lakini ulikuwa wakati wa kuwinga ndege shambani wasile mtama, Apolinaria akajifunga kitambaa na kwenda, na mumewe alipokuwa akirudi kutoka kazini jioni aliyaacha macho yake dispensari.

Kwetu mnajua, mwanamke humwamkia mama mkwe akiwa magotini. Siku ya kwanza Apolinaria alimwamkia mama yetu amesimama, ameinama kidogo, mkono pajani. Siku ya pili vile vile. Ilipofika siku ya tisa, mama alisema mbele ya majirani, "Hilari, mkeo ananisalimia kama karani wa stesheni anayeuza tiketi." Watu wakacheka. Na Leonia akaongeza, naye hatakana, "Goti limepanda cheo. Mke wa dresa hagusi vumbi."

Tarehe 1 Aprili ilikuwa Pasaka. Ua ulijaa wageni. Mama alikaa kwenye kigoda chake, Apolinaria akaja, akainama, akamwamkia. Mama hakuitikia. Hilari akaweka chini bakuli lake.

"Mama Raymundi, mwamkie mama."

"Nimemwamkia, Baba Raymundi."

"Mwamkie kama watu wanavyomwamkia."

"Goti linauma."

Mtu yeyote mwingine wa Kigwa angesema hivyo, Hilari angeuliza: tangu lini? Siku ile hakuuliza. Wageni walikuwa wanamtazama. Alimwendea mkewe, akamwekea mkono wa kulia begani, akaukandamiza. Apolinaria akashuka mpaka chini, goti likakunjika lote, akasema, "Shikamoo, mayu." Mama akasema, "Marahaba, mwanangu." Wageni wakarudi kula.

Kisha Apolinaria akajaribu kuinuka, asiweze. Mguu ulibaki umekunjwa kama mundu. Mtu mmoja alicheka akidhani anaongeza chumvi. Hilari akachuchumaa, akashika goti la kushoto kwanza, kwa mazoea tu, halafu la kulia. Akajaribu kulikunjua. Lilikwenda kidogo likagota, kama mlango uliotiwa jiwe kwenye bawaba. Akamtazama mkewe usoni. Apolinaria hakulia. Alikuwa anamtazama tu.

Hilari alijua pale pale. Pambizo la ule mto lilikuwa limechanika tangu kisimani. Lililala mahali pake, pengine lingekaa miaka. Kukunjwa kule ndiko kulikolitoa likanasa kati ya mifupa. Akainua kichwa, akawaambia wageni, "Ni msuli umemshika. Utaachia." Huo ndio uongo aliosema mbele ya watu wakati wa chakula cha Pasaka, na hakuuondoa kwa miaka ishirini na tatu.

Kesho yake alimpeleka Tabora kwa garimoshi. Bwana Daktari alimlaza kwa dawa, akalizungusha goti taratibu mpaka likafunguka, akasema kupasua kunahitaji mtaalamu ambaye hapa hayupo, na kwamba mwanamke huyu asipige magoti tena maishani, maana likifunga mara ya pili huenda lisifunguke. Wiki nne alikaa huko. Aliporudi alitembea vizuri, kama mnavyomwona. Lakini hakupiga goti tena: si kwa mama, si kwa mtemi, si mbele ya altare. Mkamwita Hagusi Vumbi, kwa lile neno la Leonia, na wengine mmelitumia jina hilo leo asubuhi.

Nilimwuliza Hilari kwa nini hakusema. Alinijibu, "Anselm, nani angeniletea mguu wake, akijua wa nyumbani kwangu niliuharibu kwa mkono wangu?" Mama yetu alifariki mwaka 1943. Alikufa akiamini kwamba ana mkwe mwenye kiburi.

Na kuna jambo ambalo ni gumu kwangu kulisoma kuliko hilo. Baada ya mwaka ule, Hilari alianza kuwaita wanawake. Akisikia mke fulani amesemwa hapigi goti kwa wakwe, alimwendea mwenyewe. Akikuta ugonjwa aliandika cheti, akakitia mhuri wa dispensari, kipelekwe kwa wakwe: "Huyu ana goti bovu. Si kiburi. H. Lugembe, Dresa." Wapo hapa waliobaki katika ndoa zao kwa karatasi hiyo. Wapo pia wakwe walioipokea. Hata vijana waliokuja kujifunza kwake aliwaambia, "Mkimwona mwanamke hapigi goti, msianze na adabu yake. Anzeni na njia ya kisimani." Siku moja alisahau cheti kimoja mezani, cha mwanamke wa kijiji cha jirani. Apolinaria alikuwa anachekecha unga. Akakisoma, akakirudisha mezani, akaendelea kuchekecha. Josepha alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Anasema hata unga haukumwagika.

Ugonjwa wa marehemu ulianza baada ya Noeli iliyopita. Miguu ilivimba yote miwili sawasawa, na yeye mwenyewe alibonyeza kwa kidole, shimo likabaki, akasema, "Hii si ya magoti. Hii ni ya moyo." Tarehe 11 Februari alilazwa Tabora. Hakuweza kulala chali wala kupanda kitandani bila kushikwa. Jumapili tarehe 3 Machi aliniita na daftari.

"Andika goti la mke wangu."

"Kaka, maandishi ya msibani ni ya sifa."

"Andika, Anselm. Ukiacha hata mkono wangu begani kwake, umeandika uongo wangu mara ya pili."

Apolinaria alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na dirisha, mguu wa kulia umenyooshwa mbele. Akasema, bila kupaza sauti, "Baba Raymundi, umengoja mpaka usiweze kusimama ndipo useme?"

Hilari akautazama ule mguu ulionyooshwa. Kisha akasema, "Ndiyo."

"Basi."

Nilimwuliza shemeji yangu nje, barazani, kama amemsamehe. Akaniambia, "Shemeji, sijui. Nilikuwa na shamba, nilikuwa na watoto. Sikukaa chini nikaliangalia jambo hilo." Nikamwuliza kwa nini yeye mwenyewe hakusema miaka yote. Akasema, "Ningemwambia nani? Watu wote walikuwa wagonjwa wake."

Hilari Lugembe alifariki Jumanne tarehe 5 Machi 1957, saa nne na robo asubuhi, baada ya kupakwa mafuta matakatifu, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Mkewe alikuwa amemshika mkono, wa kulia.

Ameacha mjane, Apolinaria, watoto watatu, Raymundi aliye fundi wa reli, Josepha aliyeolewa mtaa wa Cheyo mjini Tabora, na Ambrosi aliye shuleni, wajukuu wanne, dada yake Leonia, na mimi. Ameacha pia magoti mengi yanayotembea katika njia hizi, ambayo kama si yeye yangekaa barazani. Hilo nalo ni kweli, na hakuna haja ya kulipunguza ili lile jingine liwe kweli.

Dada Leonia, sikuandika haya kukuaibisha. Siku ya Pasaka ile mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimeketi hatua tatu kutoka pale, na nilikula mpaka nikamaliza. Wazee wangu, shikamooni. Mlinyamaza asubuhi kwa sababu hamkujua. Sasa mmejua.

Bwana ampokee mtumishi wake Hilari, na amlaze pasipo na maumivu.

Ndugu, tunanyanyuka kwenda kaburini. Jeneza likishushwa, padre atatuambia tupige magoti, na Apolinaria atabaki amesimama kwenye ukingo, mbele ya watu wote wa Kigwa. Je, mtamwacha asimame peke yake?